Mashini ya Barasa na Watu Waliopiga Makofi

Kitu cha kwanza ningewaambia nyinyi mnaoingia kazi ya kuchomelea vyuma ni hiki: usiweke kitasa kabla hujalipwa. Tengeneza mlango, upachike, paka rangi, acha mwenye nyumba azunguke akiusifu. Halafu ataona tundu pale kitasa kinapokaa. Atakuuliza, "Fundi, na hapa?" Mwambie, "Hapo panakungoja wewe." Mtu anaweza kumzungusha fundi mpaka mwaka uishe, lakini hawezi kulala Kibera na mlango wenye tundu. Sisi tulidai pesa zetu namna hiyo na hatukupigana na mtu.

Hiyo ni kudai. Kudaiwa ni shule nyingine, na hiyo sikufundishwa na fundi yeyote. Nataka niwaambie vile mashini ya kuchomelea ya marehemu Barasa ilikaribia kuchukuliwa kutoka mikononi mwa mjane wake, Mama Sheila, kwa deni ambalo sisi wote tulijua tumelizika. Nikizunguka kidogo kabla ya kufika, nivumilieni. Miguu yangu imekataa kutembea, sasa natembea na maneno.

Banda letu lilikuwa Gatina, kule Kawangware, kwa plot ya Mzee Njuguna. Lakini kulala nililala Silanga, upande wa Kibera unaoangalia bwawa. Kila asubuhi nilienda kwa miguu, jioni nikarudi. Mkiniuliza kwa nini sikuhamia Kawangware, nitawaambia mke wangu alikuwa na kibanda cha makaa Silanga, na mwanamke mwenye wateja wa makaa hahamishwi na mwanaume mwenye wateja wa milango. Makaa mtu ananunua kila siku. Mlango ananunua mara moja, anazeeka nao.

Aliyenifundisha ni Mzee Otieno, fundi wa zile siku za gesi, kabla mashini za stima hazijajaa. Hakuwa mtu wa maelezo. Alikuwa anagonga mahali nimechomelea na nyundo ndogo, anainamisha kichwa. Chuma kilichoshika vizuri kinalia. Kilichoshika juu juu kinakohoa. "Hii inakohoa," ananiambia, "rudia." Mwaka wangu wa kwanza vyuma vyangu vyote vilikuwa na kifua.

Ni yeye pia alinionya kwamba nyumba za udongo hazina pembe. Pima mlango juu, pima katikati, pima chini, maana ukuta wa udongo huvimba tumbo kama mtu aliyekula ugali na maziwa ya mursik. Mimi nikajifanya mjanja, nikapima juu pekee. Nikabeba mlango kichwani kutoka Gatina mpaka Silanga, kufika, ukakataa kuingia chini. Mwenye nyumba alikuwa mama muuza samaki wadogo wa omena. Aliniangalia nikisukuma mpaka jasho likaisha, akaniambia, "Fundi, si uuache tu hapo nje. Labda unaona haya kuingia kwa watu."

Sasa Barasa. Barasa alikuwa na banda lililoshikana na langu, mtu mrefu, mcheshi, hodari wa mageti yenye maua. Ubaya wake ni kwamba hakupenda kuvaa kioo cha uso. Alikuwa anachomelea akifumba jicho moja, ati lingine ni la akiba. Usiku macho yanawaka kama yametiwa mchanga, asubuhi anakuja amejifunga vipande vya viazi vibichi machoni kwa kitambaa, watoto wa plot wanamshika mkono kumwonyesha choo. Vijana, vaeni kioo. Viazi ni vya kupika.

Wakati huo mashini hazikuwa hizi zenu ndogo mnazobeba begani kama redio. Ilikuwa dude la nyaya za shaba, watu wawili hawalinyanyui bila kugombana, na wengi wetu hatukuwa nalo. Tulikodisha kwa siku. Kazi ikipatikana au isipatikane, mwenye mashini anataka chake jioni. Barasa akachoka. Tulikuwa na kikundi chetu, mafundi na wauza mboga na washona viatu, na kulikuwa na kampuni moja ya mikopo iliyofungua ofisi pale pale Gatina. Ilikuwa inakopesha watu wa vikundi tu, kila mwenzako anakudhamini na wewe unamdhamini. Barasa akachukua mkopo, sisi tukatia sahihi, wengine kidole. Mashini yenyewe ikaandikwa kama rehani. Asiyelipa, inachukuliwa.

Barasa alilipa vizuri. Alikuwa anatembea siku ya kulipa kama mtu anayeenda kumwona mchumba. Halafu figo zikamshika. Hospitali ikala akiba, ikala kila kitu isipokuwa mashini, na deni likabaki nusu halijalipwa. Barasa akatuacha.

Tulimpeleka kwao, Magharibi. Na hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu nyinyi wengi mmezaliwa Nairobi na mkienda matanga mnakaa kwa gari mkibonyeza simu. Kwetu mtu hazikwi mwili peke yake. Mzee wa ukoo anasimama mbele ya watu na kuuliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Aseme sasa. Mmoja anasema marehemu alibaki na jembe langu. Mwingine anasema mimi ndiye nina debe lake la mahindi. Jamaa wanasikia, wanakubali kulipa, au mwenye kudai anasamehe mbele ya wote. Ukinyamaza siku hiyo, usije baadaye kubisha kwa mjane. Kwa desturi hufanywa siku ya kunyoa nywele, siku chache baada ya maziko, lakini sisi wa Nairobi tulikuwa na basi la kurudi, kwa hivyo wazee wakakubali ifanywe hapo hapo, udongo ukiwa bado mbichi.

Mwenyekiti wa kikundi chetu alikuwa Baba Rispa. Huyu ni mtu ambaye akipewa nafasi ya kuombea chakula, chakula kinapoa. Aliposikia neno "nani anamdai," akainuka, akavuta koti.

"Watu wa nyumba hii," akasema, "sisi tumetoka Nairobi kama kikundi. Huyu ndugu yetu alikuwa na deni, na deni hilo alikuwa nalo pamoja na sisi. Leo nasema mbele ya Mungu na mbele yenu, hatumdai hata ndururu. Mashini ni ya mama na watoto wake. Asisumbuliwe."

Makofi yalipigwa mpaka kuku wakakimbia. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga mikono ikawaka. Hata Mzee Njuguna, mwenye plot, ambaye alikuja na pikapu yake kutoka Kawangware na hakuwa anaelewa Kiluhya hata cha kuomba maji, alipiga makofi akitikisa kichwa kama mzee wa ukoo.

Hivyo ndivyo tulivyozika deni. Na katika ule umati wote hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza kampuni ya mikopo imeketi wapi. Haikuwa imeketi. Haikuwa na habari. Mtu anaweza kusamehe deni lake. Sisi tulisimama tukasamehe la wengine.

Na ni kama Mungu alikuwa anatuunga mkono, maana haikupita muda ile ofisi ya Gatina ikafungwa, kinyozi akaingia pale. Tukipita tunaambiana, "Unaona? Iliisha." Mama Sheila hakuuza mashini. Aliniita akaniambia, "Shemeji, nifundishe." Nikamfundisha. Watu walikuwa wanakuja kumwangalia kwanza kabla ya kuleta kazi, mwanamke amevaa kioo na leso kiunoni. Mmoja alimwuliza, "Mama, fundi ako wapi?" Akamjibu bila kuinuka, "Ameinama hapa, anangoja uondoe kivuli chako." Grili zake zilipendwa. Magoti yangu yalipokataa kazi, nilimwachia banda langu pia, akavunja ukuta wa katikati, akaajiri mafundi wawili, Sheila na wadogo zake wakasoma kwa mashini hiyo hiyo ya baba yao.

Miaka ikapita hivyo. Halafu simu zikaanza.

Kumbe madeni nayo huuzwa. Kampuni ikichoka na deni inaliuza kwa kampuni nyingine ya kukusanya, kwa bei ya kutupa, vile muuza mitumba anavyouza masalio jioni. Na wale walionunua wanataka faida. Walimpigia Mama Sheila. Akasema deni hilo lilizikwa na mwenyewe, akakata. Wakampigia pasta wake. Wakanipigia mimi, kwa sababu nilikuwa mdhamini. Nikachelewa kushika, wakampigia mkwe wangu Kitale. Mimi na mkwe wangu huongea Krismasi peke yake, na kwa heshima. Alinipigia akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama niko jela nahitaji blanketi.

Ndipo nikaipigia ile namba. Akashika kijana, akajitambulisha Amadi.

"Mzee Wekesa, nashukuru umepiga," akasema. "Wewe ni mdhamini wa marehemu Barasa. Hii kitu lazima tuimalize mwezi huu. Ikipita hapo madalali wanachukua mashini."

"Kijana wangu, kwenu ni wapi?"

"Mzee, hiyo haihusiani na deni."

"Inahusiana. Nataka kujua kama kwenu mnazikana."

"Kwetu ni Vihiga."

"Basi unajua deni la marehemu hutangazwa, na likishasamehewa limesamehewa."

"Najua, mzee. Hata la babu yangu lilitangazwa. Lakini boss wangu si wa Vihiga, na kompyuta si ya Vihiga. Kompyuta inasema Barasa anadaiwa."

Alipoanza kunisomea kiasi, nilikaa chini. Deni lilikuwa limezaa, limejukuu. Riba, faini, faini ya kuchelewesha faini. Ukiuza ile mashini na banda na sisi wote, haifiki.

Baada ya siku chache akaja mwenyewe Gatina kuiangalia mashini, ajue bei yake. Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vyake vikali vimeshika matope kama mandazi kwenye unga. Mama Sheila alikuwa anatengeneza fremu ya dirisha na hakuacha. Nilikuwa nimeketi pale kwa benchi. Amadi akangoja cheche ziishe, akamsalimia vizuri, kwa adabu, hata akasema pole kwa kufiwa, ingawa ilikuwa zamani.

"Asante," Mama Sheila akasema. "Mashini ndiyo hii. Umeiona. Sasa enda."

"Mama, sikuja kugombana. Naweza kukuombea wafute faini zote, ubaki na ile pesa ya kwanza yenyewe. Ulipe kidogo kidogo. Lakini kitu ya kwanza iingie kabla mwezi uishe, ama hawa madalali watakuja, na hao hawasemi pole."

"Kijana, Baba Sheila alitangazwa. Deni lilizikwa. Kama mnalitaka, nauli ya Magharibi mnajua, nendeni na jembe mkalichimbue."

"Mama—"

"Watu wote walisikia. Watu wote walipiga makofi."

Na Amadi naye ni mtu, alikuwa amechoka, soksi zimelowa. Akasema, "Basi si hao waliopiga makofi ndio walipe."

Mafundi wawili wakacheka. Yeye mwenyewe akataka kucheka. Mama Sheila hakucheka, akashusha kioo, akaendelea na kazi, na ule mstari wa kuchomelea ukatoka umepinda kama njia ya konokono. Alikuwa na watu wanaomtegemea kwa ile mashini. Angewaambia nini?

Lakini lile neno la Amadi lilinishika. Nilirudi nalo Silanga. Nikamtafuta Baba Rispa, ambaye siku hizi analima sukuma kando ya bwawa, nikamkuta ameinama shambani anazihutubia mboga. Nikamweleza yote. Alikaa juu ya debe, akavua kofia.

"Wekesa," akasema, "mimi ndiye nilisema asisumbuliwe."

"Sote tulipiga makofi."

"Lakini mdomo ulikuwa wangu. Sasa maneno yamenirudia na nyumba yao imehama. Nitayaweka wapi?" Halafu akavaa kofia. "Twende. Tuwatafute wote."

Tukaanza kuzunguka, mimi na fimbo, yeye na mdomo. Na hapo ndipo nilijua vile watu wanasahau mikono yao. Mmoja wa kwaya iliyoimba mazikoni akasema siku hiyo alikuwa ameshika mtoto, kwa hivyo alipiga kofi moja. Fundi wa viatu akasema alikuwa na kikombe cha chai. Mwingine akaapa kwamba alikuwa anaua mbu. Mzee Njuguna alitusikiliza kwenye veranda yake, akasema, "Lakini mimi sikuelewa lugha. Nilipiga kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga."

Baba Rispa akamwambia, "Mzee, hata serikali inalipa deni ambalo haikuelewa."

Njuguna akacheka mpaka akashika mgongo. Akauliza, "Mnataka nini basi?"

Tuliporudi kwa Mama Sheila na ahadi zetu ndogo ndogo za mchango, tukidhani atafurahi, alikasirika. Alitupa koleo chini.

"Nani amewatuma mniombee? Nimekaa hapa miaka hii yote ili nisipitishiwe bakuli. Shemeji, ulinifundisha kazi ama ulinifundisha kuchangiwa?"

"Nilikufundisha kazi."

"Basi waniletee kazi. Anayesema alimpenda Barasa, alete mlango. Alipe nusu kabla nikate chuma, na nusu kabla kitasa. Pesa ya bure sitaki, hiyo ni deni lingine limevaa nguo nzuri."

Tukatoka tukazunguka tena, na mara hii ilikuwa rahisi, kwa sababu mtu kumwambia akupe pesa anaona amepoteza, lakini kumwambia anunue kitu anaona ameshinda. Kanisa likaagiza mlango wa stoo. Yule wa kofi moja akaagiza kizimba cha kuku. Fundi wa viatu, wa kikombe cha chai, akaagiza kabati ya chuma. Mzee Njuguna ndiye alitushangaza. Alikuwa anamalizia ghorofa lake, na grili za madirisha alikuwa amepanga kumpa fundi mwingine. Akampa Mama Sheila orofa moja nzima ajaribu. "Akiharibu," akatuambia, "sitapiga makofi tena maisha yangu."

Na Baba Rispa akaagiza geti. Geti la shamba lake la sukuma, ambalo halina ua. Mpaka leo ukipita Silanga utaliona, geti zuri la rangi ya kijani limesimama peke yake na nguzo zake mbili, mbuzi wanapita pembeni. Analifunga kila jioni na kufuli. Nimemwambia na sijachoka kumwambia kwamba mbuzi wanamcheka. Ananijibu kwamba yeye alinunua geti, ua hakuagiza.

Kabla mwezi kuisha tukaenda mjini, kwenye ofisi ya hao wakusanyaji. Hapa ndipo mnitegee sikio. Usimlipe mtu njiani, wala kwa namba ya simu yake mwenyewe, hata akikuita baba. Jirani yangu mmoja alilipa deni lake lote kwa sauti tamu ya simu, kumbe mwenye kudai na mwenye sauti hawajuani. Enda mahali pana mlango. Uliza deni lilitoka wapi, limekuwaje limekua, wakupe kwa maandishi kabla ya kutoa mkono mfukoni. Na usijifiche. Mtu akijificha wanaandika jina lake kwa rangi nyingine. Ukienda umevaa koti wanakuletea kiti.

Ilikuwa chumba kirefu, vijana wamejaa, kila mmoja na kitu cha kusikilizia kichwani, wote wanaongea kwa wakati mmoja, "mama, mama nisikilize," "baba, nakuomba." Nilishangaa vile kudai ni kelele. Amadi akatupa viti. Akageuza kompyuta, akamwonyesha Mama Sheila ile pesa ya kwanza iliyobaki, faini zimefutwa, akatoa karatasi inasema hivyo na ina mhuri. Mama Sheila akaisoma yote, polepole, akamfanya abadilishe mahali palipoandikwa kwamba akichelewa hata siku moja makubaliano yanakufa. Amadi akaenda kuuliza ndani, akarudi, ikabadilishwa. Akalipa fungu la kwanza kwa namba ya kampuni, mashini ya kutoa risiti ikalia.

Tulikuwa tunainuka, ndipo Baba Rispa akavuta koti lake. Nikamshika mkono. Nikachelewa.

"Vijana wa ofisi hii," akasema, na sauti ile ilizoea kupita juu ya kaburi na ng'ombe, kwa hivyo vijana wote wakatoa vitu vyao masikioni. "Sisi tumekuja kwa ajili ya marehemu Barasa. Nauliza mbele yenu wote. Kuna mwingine hapa anayemdai? Aseme sasa."

Kwenye simu moja mtu alisikika akiuliza, "Hello? Hello?" Msichana mmoja wa karibu na dirisha akaangalia kompyuta yake, akaangalia wenzake.

"Ni hilo tu, mzee," akasema.

"Mwingine?"

"Hakuna, mzee," Amadi akasema, na niliona amesimama wima, mikono mbele, kama mtu aliye matangani. "Ni hilo tu. Likiisha, limeisha."

"Imesikika," Baba Rispa akasema, akakaa, kisha akakumbuka tulikuwa tunaondoka, akasimama tena.

Mama Sheila alilipa. Kuna mwezi alilipa kidogo sana kwa sababu stima ilipotea Gatina na banda likalala, akampigia Amadi mwenyewe kabla hajapigiwa, akamwambia ukweli, wakasogeza. Grili za Njuguna zilimpendeza mzee, akampa orofa zilizobaki, na wapangaji wa ghorofa wakampeleka kwa ndugu zao. Ile mashini kubwa ya shaba ilianza kuchoka, akanunua moja ya hizi ndogo, kwa pesa taslimu. Ya Barasa hakuitoa, anaitumia kwa chuma kizito.

Siku ile ya fungu la mwisho nilikuwa naye Ayany, mtaa unaopakana na Kibera. Alikuwa amepata kazi ya madirisha ya nyumba ya mwalimu mmoja, na mafundi wake wawili walikuwa wamemaliza ghorofa ya chini wameenda kutafuta chakula. Mimi sikuwa na kazi pale, nilikuwa nimeenda kuongea tu, vile wazee huenda. Yeye alikuwa juu ya ngazi. Simu yake ililia ndani ya mkoba. Zamani ikilia alikuwa anashtuka mpaka anaangusha kitu.

"Ni nani, shemeji?"

Nikaangalia. "Ni Amadi."

"Shika."

Nikashika. Kijana akanisalimia, akauliza magoti. Halafu akasema fungu la mwisho limeingia asubuhi, kwamba kwa kompyuta yao Barasa hadaiwi kitu, na mashini si rehani tena. Nikamwambia Mama Sheila pale juu, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka nisikosee.

Hakushuka. Alikaa na mkono mmoja juu ya ukuta, anaangalia paa za Ayany na mabati ya Kibera yaliyo nyuma yake, mpaka Amadi akaniuliza kama bado nipo.

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie alete barua yenye mhuri, ya simu sitaki. Halafu weka hiyo simu chini, uje unishikie hii fremu. Imeanza kulala upande wako."